Nyaya Nilizong'oa Jumapili

Kwa miezi miwili mama mkwe wangu aliamini kwamba akili yake inamtoka, na aliyemtia imani hiyo ni mimi. Sikumtukana. Sikumwinulia sauti. Nilimheshimu tu, tena kwa bidii, vile nilivyolelewa kumheshimu mama wa mke wangu, mpaka nusura nimmalize. Hata leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi, na kwa kuwa kofi halisaidii, naandika.

Yote yalianzia kwenye gari. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya kutwa hapa Ruiru, na nyumbani kwangu ni Gitothua, kwenye ploti yenye uwanja mdogo nyuma, kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Katika uwanja huo ndipo nilipoamua, mtu mzima na akili zangu timamu, kuunda gari. Si kurekebisha, kuunda. La watu wawili, la chini, lisilo na paa. Fremu niliichomelea mtaani Kimbo kwa mabomba ya mraba nikifuata michoro. Bodi ya faiba niliinunua Thika kwa bwana mmoja anayetengeneza bampa na mabeseni ya kuogea, ikaja vipande vitatu pamoja na katoni ya vyuma vidogo na karatasi mbili za maelezo. Injini, giaboksi, usukani na fungu zima la nyaya kijana mmoja alinitolea kwenye gari kuukuu la jirani ambalo lilikuwa limegongwa nyuma likakunjamana.

Aliyeandika yale maelezo hakuwahi kushika spana maishani mwake. Nasema hivyo bila woga. Vyuma vya kushikilia injini vilikuwa na matundu manne, na manne yote yalikosana na matundu ya injini kwa upana wa kidole. Nikayatoboa upya. Injini ilipokaa, bomba la chini la rejeta likawa linaangalia upande wa kulia na rejeta yenyewe inangoja upande wa kushoto. Nikatafuta bomba lingine Ruiru nzima. Nilipolipata, kumbe mhimili wa usukani sasa unagusa ekzosi, kwa hivyo kila nikikata kushoto gari linalia kama nguruwe anayeburutwa. Kebo ya mafuta nayo ilikuwa ndefu mno, na nikikata kulia injini inanguruma yenyewe bila mtu kugusa pedeli. Unaona? Kushoto linalia, kulia linakimbia. Siku hiyo nilirusha spana ya namba kumi na nne ikavunja kioo cha dirisha la choo, na mke wangu akatoka, akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akarudi ndani bila neno.

Nilikuwa nimeita mafundi, usidhani sikuita. Kila aliyekuja aliinama, akatoa macho, akauliza, "Nani alikufanyia hii kazi?" Halafu anacheka. Halafu anafungua kazi ya yule aliyemtangulia na kuanza yake, ambayo anayemfuata ataichekea. Wa tatu alipouliza nani alichomelea sehemu ya klachi, nikamwambia ni mimi. Hakuona haya hata kidogo. Aliniambia, "Mwalimu, wewe fundisha tu."

Lakini vyuma ni vyuma. Ukivikasirikia vya kutosha hatimaye vinakubali. Kilichonishinda ni umeme, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu umeme ndio ninaofundisha. Nimechora betri na taa ubaoni mara nyingi kuliko nilivyopiga mswaki. Ubaoni huwa ni betri moja, taa moja, na mstari ulionyooka. Katika uwanja wangu kulikuwa na fungu la nyaya lililokatwakatwa na yule aliyetoa injini, maana alikuwa na haraka na akatumia msumeno. Nyaya za kijani zilikuwa tano, zote kijani kilekile. Fundi wa umeme niliyemleta alizisokota mbili mbili, akafunga tepu nyeusi, akaunganisha betri, na moshi ukatoka nyuma ya dashibodi. Akasema moshi kidogo ni kawaida. Nikamwonyesha lango.

Hapo ndipo mke wangu aliposema, huku anakunja nguo, "Si uite mami?"

Mama mkwe wangu anaishi Thika. Alifanya kazi miaka yote ya ujana wake katika kiwanda cha nguo kama fundi wa umeme wa mashine, mwanamke pekee katika karakana ya wanaume. Alipostaafu aligeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa mahali pa kurekebishia mota za cherehani. Washonaji wote wa upande ule wanamjua. Mota ikikataa kwa wengine wanasema, "Peleka kwa yule mama." Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani baada ya mzee wake kufa: ile meza, zile mota, na sifa kwamba mkono wake haukosei.

Nilijua haya yote, na bado nilisita. Niseme sababu. Kwetu Wakikuyu, mwanamume na mama mkwe wake wanaishi kwa kuachiana nafasi. Baba yangu alikuwa akimwona mama mkwe wake anakuja upande huu wa barabara, anahamia upande ule na kujifanya anaangalia mahindi ya watu. Siku hizi tumelegeza. Tunakula meza moja, tunatumiana salamu kwa simu wakati wa Krismasi. Lakini bado yako mambo. Hukai naye kiti kimoja. Huingii chumba anacholala. Humbishii, na hakika huwezi kumwambia amekosea. Hakuna aliyewahi kutunga mila kuhusu mtu na mama mkwe wake kulala chali chini ya dashibodi moja, mabega yakigusana, kwa sababu hakuna aliyedhani itahitajika.

Alikuja Jumamosi. Alivaa koti la kazi la buluu la zamani juu ya rinda, na suruali chini ya rinda, ili mkwe asipate tabu. Alizunguka gari mara moja. Kisha akasema, akimwangalia mke wangu, "Mwambie mkwe atoe hii takataka yote. Tunaanza mpya."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Mami anasema utoe hii takataka yote," mke wangu akaniambia.

"Mwambie sawa," nikasema.

Na hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Yeye aliingia chini ya dashibodi na mke wangu akashika tochi. Mimi nilisimama kando ya tangi la maji, mgongo nusu umegeuka, kama askari wa lango. Alipohitaji kitu alimwambia binti yake, binti yake akaniambia mimi, ingawa nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza. "Muulize mkwe hii fyuzi ni ya ngapi." "Anauliza hiyo fyuzi ni ya ngapi." "Ni ya kumi na tano." "Mami, ni ya kumi na tano." "Nimesikia." Jambo la dakika tano lilichukua nusu saa.

Lazima niseme kazi yake ilikuwa safi. Hakutumia tepu. Kiwandani walifunga nyaya kwa uzi wa nta, na yeye alifanya hivyo hivyo. Alizilaza nyaya zikanyooka, akazizungushia uzi, na kila baada ya upana wa vidole vitatu akapiga fundo dogo la mviringo na kulivuta kwa meno. Fungu lilitoka limepangwa sawasawa kama nywele zilizosukwa. Nililiangalia nikasahau kukasirika.

Halafu nikahesabu nyaya, na hasira ikarudi.

Alikuwa ameweka nyaya mbili kwa kila kitu, mmoja wa kupeleka moto, yaani umeme, na mmoja wa kuurudisha mpaka kwenye betri. Taa ya nyuma kushoto, mbili. Taa ya nyuma kulia, mbili. Honi, mbili. Feni ya rejeta, mbili. Mashine za kiwandani hufungwa hivyo, na nyumba hufungwa hivyo, maana kule huwezi kuurudisha moto kwa chuma ambacho mtu atashika. Lakini gari si nyumba. Kwenye gari unapeleka moto kwa waya, na wa kurudi unaufunga kwenye fremu ya chuma iliyo karibu, basi, fremu ndiyo inayorudisha. Kila mtoto wa kidato cha tatu niliyemfundisha anajua hivyo. Kwa kuweka nyaya maradufu, fungu lilinenepa kama mkono wangu, na halikuenea katika mfereji ulio katikati ya viti, chini ya gia. Gia ya tatu ikawa haiingii, kwa sababu mkono wa gia unagonga nyaya. Na kifuniko cha dashibodi hakifungi.

Mtu mwenye akili angesema, "Mami, hizi za kurudi tuzifunge kwenye fremu." Maneno machache tu. Nilifungua mdomo. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, uso umechangamka, mke wangu anamwambia ameonekana kijana. Akaniuliza, safari hii moja kwa moja, "Iko sawa, mkwe?"

Nikasema, "Iko sawa kabisa, mami."

Kesho yake, Jumapili, baada ya kanisa, nilivua tai nikaingia chini ya gari. Nilikata mafundo yake, nikatoa nyaya za kurudi za taa za nyuma, nikazifunga kwenye bolti ya fremu huko huko nyuma. Fungu likapungua. Na sasa ndiyo sehemu ninayotamani ingekuwa ya mtu mwingine. Sikutaka akirudi aone kazi yake imefumuliwa na ahisi ameaibishwa. Kwa hivyo nilichukua uzi wake wa nta aliouacha katika kikapu, nikafunga upya, kila vidole vitatu fundo moja. La kwanza lilikuwa baya. La kumi lilikuwa zuri. La ishirini, wewe mwenyewe usingeweza kulitofautisha na lake. Nilijivunia. Niliona nimefanya jambo la busara na la heshima kwa pamoja.

Jumamosi iliyofuata alijaribu taa. Alipokanyaga breki, taa za nyuma zilififia na indiketa zikaanza kupepesa. Akazunguka nyuma, akafuatisha fungu kwa vidole, fundo kwa fundo, mpaka kwenye bolti. Alikaa hapo akiwa amechuchumaa kwa muda mrefu.

"Hii niliifunga hapa?" akamuuliza mke wangu.

Mke wangu hajui waya wa kwenda wala wa kurudi. Kazi yake ilikuwa tochi. "Si ndiyo, mami. Si ni wewe umeshona," akasema, kwa sababu aliona mafundo.

Mama mkwe akayatoa yote akaanza upya. Alirudisha nyaya maradufu. Jumapili nikazitoa tena, na safari hii na za honi. Jumamosi akazikuta zimetoka, na honi ikipigwa feni inazunguka. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia yeye! Nilisimama kando ya tangi nikiwaza, huyu mama mbona ni mgumu hivi, mbona haoni kwamba fungu halienei. Nilikuwa nabishana naye wiki baada ya wiki, kwa nguvu zangu zote, na yeye hakujua kwamba tunabishana.

Jumamosi ya nne alitoka chini ya dashibodi, akasimama, na akanigeukia mimi. Si binti yake. Mikononi alikuwa ameshika kipande cha fungu.

"Mkwe. Hizi za honi si nilizipeleka mpaka kwa betri? Wiki jana. Si ulikuwa hapa?"

Mke wangu alikuwa ameingia ndani kuangalia chai. Hakukuwa na mtu katikati yetu. Ningeweza kumwaga mtama hapo hapo yakaisha. Niliona aibu ikinipanda kutoka miguuni, si aibu ya kudanganya, aibu ya kumwambia mama mkwe kwamba nimegusa kazi yake kwa siri. Na mdomo wangu ukatafuta njia rahisi.

"Labda ulisahau, mami," nikasema. "Ni kazi nyingi."

Aliangalia yale mafundo. Alipitisha kidole gumba juu yake, moja baada ya lingine. Kisha akasema taratibu, "Labda." Akaviweka vifaa vyake katika kikapu kimoja kimoja, akivitaja kwa sauti ya chini, koleo, bisibisi, kisu, uzi. Hakunywa chai.

Hakurudi tena. Alimpigia mke wangu simu akasema mkwe atafute fundi mwingine, mikono imechoka. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Hatimaye nimebaki na gari langu. Nilimaliza kila kitu kwa njia yangu, na bado breki ikikanyagwa taa zinafifia. Nilikaa wiki mbili nikilaani. Nilibadilisha fyuzi, nikabadilisha swichi ya breki, nikabadilisha balbu ambazo hazikuwa na kosa. Kisha siku moja nikaangalia bolti ya fremu na nikaona rangi. Fremu niliipaka mwenyewe, rangi nyeusi nzuri, tabaka tatu, na nyaya zote za kurudi nilikuwa nimezifunga juu ya rangi. Umeme haupiti kwenye rangi. Mwalimu wa fizikia! Nikachukua msasa nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikafunga tena. Taa zikawaka sawasawa. Honi ikalia honi. Stata ilishika mara ya kwanza, injini ikatulia, gia ya tatu ikaingia kwa kidole kimoja. Nililiendesha mpaka barabara kubwa na kurudi, watoto wa Gitothua nyuma yangu, upepo usoni. Nilikuwa nimesema kweli tangu mwanzo. Njia yangu ilikuwa sahihi.

Niliingia ndani nikiimba, nikamkuta mke wangu amekaa kwenye kiti cha jikoni, simu mapajani, analia.

"Mami ameenda kliniki," akasema. "Alienda peke yake. Hakutaka tujue."

Nikamuuliza anaumwa nini.

"Anasema anasahau. Daktari amemwambia achore saa, ahesabu kurudi nyuma. Anasema alianza kuona hapa kwetu, kwa gari. Anafanya kazi, wiki ijayo anakuta amefanya ingine, na hakumbuki." Akafuta uso kwa kanga. "Si unajua vile cucu alikuwa."

Nilijua. Mama yake mama mkwe wangu alikufa bila kumjua mtoto wake hata mmoja. Miaka ya mwisho alikuwa akimwita binti yake "yule mama mzuri anayeniletea uji." Mama mkwe wangu ndiye aliyemlisha, kila siku, mpaka mwisho.

"Amewarudishia washonaji mota zao," mke wangu akaendelea. "Zote. Anasema hataki kuua mtu na umeme."

Injini ilikuwa bado ya moto huko nje, nasikia chuma kikipoa, tik, tik. Nikakaa sakafuni. Nikamwambia mke wangu kila kitu, Jumapili zote, na uzi, na mafundo, na lile neno "labda." Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka apige kelele. Nilitaka anitupie kitu.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akasema. "Mwambie yeye."

"Twende wote."

"Utaenda peke yako. Mimi nimechoka kubeba maneno yenu."

Nilienda Thika Jumamosi. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Meza iliyokuwa imejaa mota tangu nianze kumposa mke wangu ilikuwa tupu, imefutwa, na juu yake kitambaa cha kufuma kama meza ya wageni. Ukutani karibu na swichi alikuwa amebandika karatasi: ZIMA. Kwenye mlango wa jikoni nyingine: GESI. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kando ya meza, mikono mapajani. Sikuwahi kumwona amekaa bila kitu mkononi.

Nilisimama mlangoni, pale ambapo mkwe husimama.

"Msichana wangu ako wapi?" akauliza.

"Amekataa kuja, mami. Amesema hii ni yangu."

Akangoja. Nikajikaza. Nikasema haraka. "Zile waya za gari. Hukusahau. Ulikuwa unaziweka vile unasema uliziweka. Jumapili mimi nilikuwa nazitoa."

Aligeuza viganja vyake akaviangalia.

"Na mafundo?" akauliza baadaye.

"Ni mimi nilifunga. Niliangalia yako nikajifunza."

"Na vile nilikuuliza?"

"Nilikudanganya, mami."

"Kwa nini hukuniambia hutaki vile nimefanya?"

"Sikutaka kukukosea heshima."

Alilirudia lile neno, heshima, polepole, kama mtu anayeangalia mota iliyoungua. Kisha sauti yake ikapanda, na katika miaka yote sikuwahi kuisikia ikipanda.

"Unajua miezi mbili nimekuwa nikifanya nini? Nimekuwa nikijiaga. Naamka asubuhi najiuliza, leo ni nini yangu imeenda. Naangalia picha ya wajukuu wangu nasoma majina yao kwa sauti, nione kama bado yako. Najiaga pole pole ndio nikienda nisishtuke. Na wewe uko hapo Ruiru unaniita mami."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Akainuka, akavuta droo, akatoa daftari dogo la shule na kalamu. Akavaa miwani. "Hapa niliandika," akasema. "Daktari aliniambia kila kitu nikisahau, niandike. Nikaanza na zile za gari. Tutasoma moja moja. Uniambie ni yako ama ni yangu."

Akasoma. "Taa za nyuma, waya ya kurudi."

"Ni mimi."

Akaweka alama. "Taa za nyuma, mara ya pili."

"Ni mimi, mami."

"Honi."

"Ni mimi."

"Feni. Uzi niliuacha mwingi, nikakuta kidogo."

"Ni mimi."

Zilikuwa nane. Kwa kila moja alingoja niseme kwa mdomo, hakukubali nitikise kichwa, na kila nikisema mabega yake yalishuka kidogo. Ilipofika ya nane nilidhani nimemrudishia chake chote, na nikaanza kupumua.

Akafungua ukurasa. Hakusoma. Alinigeuzia daftari ili nisome mwenyewe, na ilibidi nitoke mlangoni nije mpaka mezani. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake ulionyooka: Jumatano. Nimesimama kwa barabara ya kanisa. Sijui ni upande gani.

Katika kanisa hilo amesali tangu akiwa msichana. Liko nyumba sita kutoka kwake.

Nilimwangalia. Alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo sitaisahau, kalamu tayari juu ya karatasi. Nilitaka sana kuichukua hiyo nayo iwe yangu. Ningeweza kusema ni ule wasiwasi niliomtia, kwamba mtu akitiwa hofu anaweza kupotea hata sebuleni kwake, na labda ingekuwa kweli. Sikujua. Hata sasa sijui.

"Hiyo si mimi, mami," nikasema.

Hakuweka alama. Aliizungushia duara, kwa uangalifu, akafunga daftari.

"Basi yangu ni moja," akasema.

Akavua miwani. Mimi nilikuwa bado nimesimama karibu naye, karibu kuliko nilivyowahi kusimama.

"Sikia, mkwe," akasema. "Msichana wangu ananipenda sana, ataniambia sijasahau kitu. Wale wa kanisa pia. Wewe ukiona ingine kama hii, usimwambie mtu mwingine. Uniambie mimi. Hapa hapa, usoni."

Nikamwahidi.

Siku hizi mota zimerudi mezani, si zote. Gari linatembea. Jumamosi nyingine mama mkwe huja Gitothua, hukaa kiti cha abiria na kuniambia fremu yangu si ya kuaminika, mimi namwambia iko sawa, tunabishana wazi wazi mpaka mke wangu anatoka nje kuangalia kuna nini.

Na ile ahadi nimeitimiza: tangu siku hiyo nimemwambia usoni mara mbili.